Mtoto Aliyekataa Ng'ombe

Kabla sijaona lolote, nilisikia jiwe. Jiwe juu ya jiwe, na kitu kibichi katikati yake. Haukuwa ule mkwaruzo mkavu wa kusaga wimbi. Ilikuwa sauti yenye maji, kama mtu anayetafuna polepole akiwa amefumba mdomo. Nilikuwa nimelala mkekani nyuma ya pazia, kope bado zimeshikana, na sauti ile ikaniingia kabla ya mwanga, kabla ya jogoo wa kijiji chetu, Mundika. Kisha harufu ikafuata, harufu ya majani mabichi yaliyokanyagwa na kwato. Mama alikuwa amepiga magoti jikoni akisaga maharagwe yaliyolala majini, na kila aliposukuma jiwe alishusha pumzi kama anayejibu matusi.

Juzi nimeisikia tena sauti hiyo, mahali ambapo hapakuwa na jiwe. Nilikuwa nimemsindikiza mdogo wangu Nekesa kwa daktari wa watoto, kijana mwenye viatu vinavyong'aa. Mwana wa Nekesa alikuwa amevimba midomo baada ya kunywa maziwa. Daktari alimtazama, akauliza maswali machache, akasema huku akiandika, "Mwili wake haupatani na maziwa ya ng'ombe. Mpe ya soya." Halafu akauliza kama kuna mwingine katika ukoo, kwa maana mambo haya mara nyingi hufuata damu. Nekesa akacheka. "Mimi hapa, daktari."

Basi, yakaishia hapo. Yalichukua muda mfupi kuliko kufunga kamba ya kiatu. Nekesa akashukuru, akamfunga mtoto leso. Mimi nikatoka nje nikasimama juani, nikicheka peke yangu. Mtu angeniona angedhani ni furaha. Ilikuwa hasira, ileile ya zamani, bado mbichi, bado ina maji.

Nekesa alizaliwa wakati wa mavuno, kama jina lake linavyosema. Mimi nilikuwa mkubwa wa kutosha kumbeba mgongoni, na mdogo wa kutosha kuamini kila nilichoambiwa. Bendera mpya pale mpakani ilikuwa bado haijapauka. Baba alifanya kazi ya reli Malaba, akija nyumbani Jumamosi na nguo zinazonuka grisi. Mama alitoka Rukala, kwenye bonde la Nzoia, ambako mto huingia nyumbani kwa watu bila kupiga hodi. Kwao walikuwa wavuvi. Ng'ombe hawakuwa nao, na mbuzi waliokuwa nao maji yaliwachukua. Mama aliuza samaki wakavu sokoni Busia, na siku nyingine alivuka kuwauzia watu wa upande wa Uganda. Kuvuka siku zile kulikuwa kuvuka barabara tu. Uliacha salamu huku, ukaokota nyingine kule.

Nyumbani alikuwapo Senge. Senge ni shangazi, dada wa baba, lakini neno shangazi ni jepesi mno kwa mamlaka aliyokuwa nayo. Kwetu senge ndiye mwenye neno la mwisho juu ya watoto wa kaka yake. Huyu wetu alikuwa amerudi kutoka kwa mumewe kabla sijazaliwa, na sababu haikutajwa mbele ya watoto. Alikuwa mrefu, mkavu, na alikohoa kidogo kabla ya kusema jambo la kuumiza, kama mgeni anayejitangaza mlangoni.

Katika ukoo wetu kulikuwa na desturi. Mtoto akianza kukaa, senge humnywesha maziwa ya ng'ombe wa baba yake, yaliyokamuliwa asubuhi hiyohiyo. Hakikuwa chakula. Ilikuwa kutambulishwa. Mtoto akimeza, wanawake hupiga vigelegele, na senge humwambia, "Ng'ombe amekujua." Mimi, walivyonisimulia, nilikunywa hadi nikataka kumeza na kibuyu. Nilisimuliwa mara nyingi hivi kwamba nikadhani nakumbuka.

Siku ya Nekesa ilipofika, Mama alikuwa ametoka tu kupasuliwa jipu la titi. Homa ilikuwa imemwacha, lakini maziwa nayo yalikuwa yamekwenda, pande zote mbili. Kwa hiyo wote, na Baba akiwapo siku hiyo, tulifurahia desturi ile zaidi ya kawaida. Sasa mtoto angekula kwa baba yake. Senge alimpakata, akamimina kidogo mdomoni, Nekesa akameza, na vigelegele vikapanda hadi barabarani.

Havikushuka vyenyewe. Vilikatika. Midomo ya Nekesa ilianza kuvimba, kisha macho. Vipele vikamtoka shingoni kama mtu aliyepitishwa kwenye upupu. Akatapika, akapumua kwa mluzi, akalia kilio kidogo chembamba. Mama akampokonya. Wanawake wakatazama vikombe vyao. Senge akafuta mapaja yake polepole, akakohoa.

"Amekataa ng'ombe," akasema.

Mimi sikuelewa maneno hayo yanafanya kazi gani. Nilidhani ni ugomvi kati ya mtoto na ng'ombe, na kwamba ng'ombe amechukia. Basi nikakata nyasi nzuri za kando ya mfereji nikaenda kwa Mwesi, ng'ombe wetu. Ndivyo tulivyomwita, mwezi, kwa sababu ya baka jeupe la mviringo usoni. Nikamwambia: "Mama Mwesi, msamehe mdogo wangu. Bado hana meno, hajui anachosema." Mwesi akala nyasi. Nikarudi nyumbani nikitangaza kwamba mambo yamekwisha, ng'ombe amekubali. Nilitarajia Mama acheke. Alinivuta kichwa kifuani, akakikandamiza hadi sikio likaniuma.

Watu wazima wote waliokuwa pale walielewa neno lile. Mtoto anayekataa ng'ombe wa boma si wa boma. Na mama yake ni mwanamke wa kuvukavuka.

Mama alikuwa na mtoto wa kulisha. Akajaribu maziwa yaliyochemshwa, akajaribu yaliyozimuliwa, akajaribu ya mgando. Kila mara vipele, kila mara kutapika. Akaenda zahanati, dresa, yule mfunga vidonda, akampa unga wa maziwa wa msaada, mweupe kama chokaa, akamwambia huu ni wa watoto, hauna neno. Kwa huo unga Nekesa aliharisha damu. Siku alizopewa uji mwembamba mtupu alitulia, lakini alipungua. Mapaja yake yakawa na mikunjo kama soksi iliyolegea. Nilikuwa namwosha nikiogopa kwamba atateleza mkononi na kuondoka na maji.

Usiku Senge alizungumza kwa sauti ya kutosha kupenya pazia. "Ng'ombe hasemi uongo. Watu wa maji hawajui hayo, wao hujuana na kambare."

Kambare hana magamba wala ukoo. Hiyo ndiyo ilikuwa maana yake.

Aliyetuokoa alikuwa Mama Apolot, mtu wa kabila la Teso kutoka ng'ambo ya mpaka, mteja wa Mama wa siku nyingi, mwanamke mnene mwenye kicheko cha kufukuza kunguru. Yeye na Mama walikutana katika Kiswahili, kila mmoja akivunja upande wake.

"Mama Nafula, hii mtoto iko nini?" akauliza siku hiyo sokoni, akimwita Mama kwa jina langu, akimwinua Nekesa kwa mkono mmoja. "Imekauka kama omena yako. Unataka kuuza?"

"Anatapika maziwa, dada."

"Ya ng'ombe?"

"Ya ng'ombe. Hata ya unga."

"Ya unga! Na ya unga si ng'ombe? Ni ng'ombe mkavu tu, kama hii samaki." Aliacha kucheka. Akamgeuza Nekesa, akamtazama nyuma ya masikio na kwenye mikunjo ya viwiko. "Mtoto yangu moja ilikuwa hivi. Sista wa misheni akasema, Apolot, wacha ng'ombe kabisa, hata tone. Hapana uchawi. Hapana jicho. Mwili yake tu nakataa. Saga soya."

"Soya ni kitu gani?"

Mama Apolot akachovya mkono katika gunia lake akatoa punje. Zilikuwa ndogo, za mviringo, za manjano hafifu, kama shanga za mtu asiye na raha. "Wakati ya vita Mzungu alilazimisha baba yangu kulima hii. Tulichemsha asubuhi mpaka jioni, ngumu kama risasi. Tukatupia kuku." Kicheko kikarudi. "Kuku ndiyo ilikuwa na akili!"

Akatufundisha palepale, mimi nikikariri kama sala. Loweka usiku. Sugua maganda yatoke. Saga na maji. Kamua kwa kitambaa. Kisha chemsha, chemsha tena. "Mpaka povu ichoke," alisema akinitazama mimi. "Mbichi itamkata tumbo. Usiamini povu ya kwanza, hiyo nadanganya." Na tusitegemee maji hayo peke yake. Mtoto apikiwe uji wa wimbi juu yake, aongezewe ndizi iliyopondwa na unga wa samaki.

Hivyo ndivyo jiwe lilivyoanza kusaga alfajiri. Mara ya kwanza Nekesa alimeza kijiko kimoja, na Mama akakaa akimtazama shingo, akingojea vipele kama mtu anayengojea wezi. Havikuja. Akampa kingine. Nekesa akashika kijiko kwa mikono miwili akakivuta. Mama akatoa mlio ambao sikuwahi kuusikia kwake, kisha akauziba kwa mkono.

Nekesa akajaa. Mapaja yakanyooka, akaanza kutambaa, akala mchanga, akaniuma. Mimi nilikuwa na hofu moja tu. Kwa kuwa maharagwe yalitoka ng'ambo, nilidhani akinywa sana ataanza kusema Kiteso na sisi tusimwelewe. Nikawa namsemesha Kiluhya sikioni akinywa, ili viingie pamoja.

Mtu anaweza kudhani kwamba mtoto akipona, maneno huisha. Ndivyo nilivyodhani. Na hapa ndipo hasira yangu inapokaa hadi leo, imekunja miguu, haitaki kuinuka. Kupona kwake ndiko kulikotumika kumhukumu mama yangu.

Mwanzoni Senge alifanya mzaha. Alipita jikoni akasimama mlangoni. "Mama Nafula, umekamua salama? Haragwe lako lina chuchu ngapi? Mkia umeufungia wapi?" Wanawake wa kisimani wakauchukua mzaha huo, wakamwita Mama mkamua maharagwe, na mimi nikapigana na mtoto wa jirani kwa ajili hiyo nikarudi na jino mkononi. Lakini Nekesa alipozidi kunenepa, mzaha ukakauka. Senge akakohoa.

"Mmeona sasa," akawaambia wanawake waliokuja kuomba moto. "Cha hapa alikikataa. Cha ng'ambo amekikubali. Mtoto hujua kwao kuliko wakubwa wanaoficha."

Kila gramu aliyoongezeka mdogo wangu ikawa ushahidi. Laiti angekufa, mama yangu angepewa pole. Aliishi, akaitwa mzinzi.

Niseme hapa yaliyofuata, ili nisilazimike kuyasema baadaye. Mama alimlea Nekesa Rukala, kati ya gharika na gharika. Nilikuwa nawaona sikukuu moja moja. Alilima soya mwenyewe kwenye kipande kilichoinuka kidogo juu ya maji, na watu wakaja kuomba mbegu bila kuuliza zilipotoka. Baba hakwenda kumchukua. Nekesa amekua na uso wa baba umebandikwa juu ya wake, hadi mwanya wa meno, hadi namna ya kuinamisha kichwa akisikiliza. Siku ya maziko ya baba waombolezaji walimwona wakatazamana. Senge naye alizikwa kwa sifa, mlinzi wa desturi, mama wa wote. Na Mama alikufa kabla ya yule kijana mwenye viatu vinavyong'aa hajasema maneno yake mepesi. Alikuwa ameyajua bila daktari. Lakini alistahili kuyasikia kutoka kwa mtu ambaye Senge angelazimika kumwitikia.

Sasa nirudi kwenye Jumamosi ile iliyowapeleka Rukala. Baba alikuja akiwa bado na vumbi la reli, akaketi, hakuvua viatu. Nikajua kwamba maneno yalimtangulia njiani, pengine hadi Malaba, pengine wenzake walikuwa wamemtania juu ya mtoto wake wa Uganda. Senge akaleta kikombe cha maziwa ya Mwesi, mvuke ukiwa juu, akakiweka kwenye meza ndogo katikati ya chumba. Kikombe kingine akanipa mimi. Nekesa alikuwa chini, anapiga sufuria kwa mwiko.

"Mpe mtoto," Baba akasema.

Mama alikuwa amesimama karibu na jiwe la kusagia. "Baba Nafula, ulimwona siku ile. Ulikuwa hapa."

"Nimesema mpe. Kama ni wangu, atakunywa mbele yangu. Yaishe."

"Atavimba koo."

"Yaishe!"

Senge akainama, akachukua kikombe, akamsogelea Nekesa. Mama akaruka katikati yao, akamnyakua mtoto, maziwa yakamwagikia miguu ya watu wote. Nekesa aliunyoosha mwiko wake kumpa Baba, akicheka, na ule mwanya ukaonekana. Mungu wangu, ule mwanya! Baba akatazama pembeni.

"Senge," Mama akasema, taratibu. "Watoto wako wawili walikataa nini?"

Sikujua kwamba Senge alikuwa na watoto. Nikamtazama nikidhani atacheka.

"Nimeuza samaki kule ulikoolewa," Mama akaendelea. "Wazee wa kule bado wanasimulia. Wa kwanza alivimba midomo siku ya kunyweshwa. Wa pili alitapika mpaka akaisha. Wakakwambia umewatoa nje. Wakakurudisha. Ni uongo, Senge? Sema kama ni uongo. Ulitoka nje, wewe?"

Senge hakukohoa. Kikombe kitupu kilikuwa mkononi mwake, na alianza kukigongagonga kwa pete ya kidole chake, tititititi.

"Hukutoka," Mama akasema. "Najua hukutoka. Basi angalia. Damu inayokataa maziwa ni yenu. Kwetu Rukala hatuna hata ng'ombe wa kumkataa. Huyu mtoto ni wenu kuliko Nafula! Wako wangekuwa hai, Senge, kama mtu angewasagia maharagwe."

Nimeligeuzageuza jambo hili maisha yangu yote. Mlango ulikuwa wazi hapo. Mtu mwingine angeketi chini akalia watoto wake. Angempokea Nekesa, angenusa kichwa chake. Niliuona uso wa Senge ukianza kufanya hivyo. Mdomo ulilegea, akawa kama msichana. Kisha nadhani aliona gharama yake. Aliona kwamba angelazimika kujua kuwa waliomfukuza walimwonea, kuwa watoto wake walikufa bure, kuwa yeye mwenyewe sasa alishika kikombe kilekile. Akakohoa.

"Amenitukania marehemu wangu," akamwambia Baba. "Ndani ya nyumba ya mama yangu. Umesikia."

"Baba Nafula," Mama akasema.

Baba alikuwa anatazama viatu vyake, jinsi maziwa yalivyochora njia katika vumbi la reli. Alikuwa mtu mkubwa, aliyeweza kuinua mataruma ya reli. "Nenda kwenu kwanza," akasema. "Nenda, tutaona."

Tutaona! Hata leo neno hilo likitamkwa mbele yangu nasikia meno yakinikazana.

Mama akamfunga Nekesa mgongoni. Akachukua mfuko wa soya na kitambaa cha kukamulia. Jiwe alilitazama akaliacha, lilikuwa zito. Nami nikachukua sweta yangu, nikaenda kusimama kando yake, kwa sababu ilikuwa wazi kwangu kwamba tunakwenda.

"Nafula anabaki," Senge akasema. "Huyu alikunywa. Huyu ng'ombe alimjua."

Ndipo nikaelewa, kwa mara ya kwanza, neno lile lilifanya kazi gani. Nikainua kikombe changu nikakimwaga chote sakafuni. "Na mimi nimekataa!" nikapiga kelele. "Sinywi! Na mimi si wenu!" Nikajitia kidole kooni ili nitapike, nionekane, niwe na vipele, nivimbe. Hakuna kilichotoka. Tumbo langu lilikuwa zima, tulivu, tumbo la boma. Baba akanishika kwa nyuma, mikono yake ikanizunguka kama kamba.

Mama akapiga magoti mbele yangu. Nekesa akachungulia juu ya bega lake, na mwiko bado mkononi.

"Kunywa maziwa yako, mwanangu," Mama akaniambia. "Wewe hayakudhuru. Kunywa ukue haraka." Akanifuta mdomo kwa ncha ya leso. Akainuka. Mlangoni akainamisha kichwa ili mtoto asigonge, akatoka kwenye mwanga, na Senge akavuka chumba, akikanyaga maziwa kwa miguu mitupu, akafunga mlango.